Saa au Pigo? Hoja Kuhusu Istilahi ya Kuchapua Mapigo ya Kompyuta

Wataalamu wa istilahi za Kiswahili wamekwisha kubishana vya kutosha juu ya jina la mashine yenyewe. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni maneno yaliyopimwa, yakatetewa na kubezwa, na hatimaye umma ukaamua kwa mdomo wake: kompyuta likaenea, tarakilishi likabaki na watetezi wake, hasa nchini Kenya, nalo ngamizi likawekwa kabatini. Mjadala huo ulikuwa na faida, lakini ulihusu ngozi ya mashine. Hata kazi ya kupongezwa ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilihusu maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo. Maneno ya ndani, yanayoeleza namna mashine inavyofanya kazi, hayakupata mjadala wa kiasi hicho, na huko ndiko makosa ya tafsiri yanakoingia bila kubisha hodi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mwenye kompyuta ya mezani anaweza kuingia katika programu ya kuwashia mashine na kuiamuru prosesa, au kumbukumbu, ifanye kazi kwa mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko yale aliyoyadhamini mtengenezaji. Kitendo hicho Kiingereza hukiita kwa neno lililojengwa juu ya jina la saa ya ukutani, likitanguliwa na kiambishi chenye maana ya kupita kiasi. Likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili huwa ovakloki. Anayefuata njia ya tafsiri sisisi hupata “kuzidisha saa”. Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo ataelewa ama kwamba kuna mfanyakazi aliyeongezewa saa za kazi, ama kwamba kuna mtu aliyesogeza mbele mishale ya saa. Hakuna kati ya maana hizo inayomfikisha kwenye prosesa. Hoja ya makala haya ni kwamba neno saa halifai kuwa msingi wa istilahi hii na jamaa zake zote, na kwamba kosa lake si la sura tu, kwa kuwa linafundisha jambo lisilo la kweli kuhusu mashine.

Asili ya maneno yenyewe inasaidia kuona jambo hili. Neno la Kiingereza la saa ya ukutani linatokana na neno la Kilatini cha zama za kati lenye maana ya kengele. Kiini chake ni kitu kinachogongwa, na ndiyo maana mwanafizikia wa Kiingereza hakuona tabu kulihamishia kwenye kifaa kinachotoa mapigo ya umeme. Saa ya Kiswahili ilitoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kipande cha muda. Mswahili aamkapo na kusema ni saa moja, anahesabu tangu macheo; hafikirii kugongwa kwa kitu chochote. Kwa hiyo atafsiriye neno la Kiingereza kwa saa anachukua ganda na kuacha kiini. Neno pigo, ambalo kwa sura halifanani na la Kiingereza hata kidogo, liko karibu zaidi na asili ya neno hilo kuliko saa.

Mashine yenyewe inatoa ushahidi mzito zaidi. Ndani ya saa nyingi za mkononi zinazotumia betri mna fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo hugawanywa kwa mbili mara 15, likabaki pigo moja kwa sekunde, nalo ndilo linalousukuma mshale. Saa, basi, ni fuwele pamoja na kihesabio chake. Mapigo ya prosesa nayo huanzia kwenye fuwele, lakini hayaendi kusukuma mshale wowote wala kujua kama kumekucha. Kazi yake ni kuzipatanisha sehemu za mashine ili zitende kwa pamoja. Tena, kwenye ubao mama huo huo mna saa ya kweli, yenye fuwele yake na betri ndogo ya mviringo, ambayo hukumbuka tarehe na wakati hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mwenye kompyuta akibadili mapigo ya prosesa, saa hii haiguswi. Maana yake ni kwamba “kuzidisha saa” si fumbo tu. Ni istilahi inayotaja kifaa kingine, kilichopo jirani, ambacho hakihusiki na tendo linalotajwa.

Kinachotokea katika prosesa anakijua kila aliyekaa karibu na ngoma. Katika kila pigo transista hufunguka na kufungika, tokeo la hesabu likapita kutoka hatua moja hadi nyingine, na ni sharti liwe limetulia kabla ya pigo linalofuata. Nafasi kati ya mapigo mawili ndiyo muda wa kazi. Prosesa ya mapigo bilioni 4 kwa sekunde, yaani gigahezi 4, ina robo ya nanosekunde kwa kila hatua. Ngoma ikichapuliwa, nafasi inapungua. Mchezaji mwepesi ataifuata, na aliye mzito atakanyaga pigo. Mashine nayo ikikanyaga pigo, haitoi kilio: hutoa jibu lisilo sahihi, au huganda, au hujizima na kujiwasha upya.

Lipo pingamizi kwamba mapigo ni neno lenye maana nyingine nzito, yaani maafa, kama wasomaji wa Biblia wanavyoyajua mapigo ya Misri. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Daktari anapohesabu mapigo ya moyo hakuna mgonjwa anayedhani ametajiwa maafa.

Historia ya tendo hili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, nayo inafaa kujulikana na waunda istilahi, kwa sababu ndani yake ndimo tofauti za maana zilimozaliwa. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyopiga megahezi 4.77, idadi iliyopatikana kwa kugawanya kwa tatu mitetemo ya fuwele ya megahezi 14.318. Mwaka 1984 ikatoka PC AT, ambayo fuwele yake ya megahezi 12 iligawanywa kwa mbili, prosesa ikapiga megahezi 6. Wenye nazo waligundua kwamba fuwele inaweza kung’olewa na kupachikwa nyingine ya megahezi 16, na mashine ile ile ikapiga megahezi 8. IBM iliongeza baadaye, katika programu ya kuwashia mashine, jaribio la kupima mwendo ili kuzuia mchezo huo. Katika kisa hiki hakuna aliyegusa saa wala aliyezidisha kitu. Kilichobadilishwa ni chanzo cha mapigo.

Neno kuzidisha lina ila yake ya pekee, nayo ni kubwa. Prosesa za tangu miaka ya 1990 hazipigi sawa na ubao mama. Huchukua pigo la msingi na kulizidisha, kwa maana ile ile ya kuzidisha inayofundishwa shule ya msingi. Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998, ilipokea mapigo ya megahezi 66.7, kizidisho chake kikiwa 4.5, na hivyo ikapiga megahezi 300. Kizidisho kilikuwa kimefungwa na hakikuweza kubadilishwa. Walioichapua walipandisha pigo la msingi hadi megahezi 100, prosesa ikafika megahezi 450, sawa na Pentium II ya bei kubwa iliyotoka siku zile zile. Sasa mwalimu aliyeikubali istilahi ya “kuzidisha” ajaribu kueleza kisa hicho darasani. Atalazimika kusema kwamba kuzidisha kulikuwapo tangu kiwandani, kwamba walichokifanya wenye mashine si kuzidisha, na kwamba hata hivyo jina la walichokifanya ni kuzidisha. Mwanafunzi atakayetoka katika darasa hilo ameelewa atakuwa ameelewa kwa jitihada zake mwenyewe.

Kufungwa kwa kizidisho, ikumbukwe, hakukutokana na ubahili wa watengenezaji peke yake. Walikuwapo wauzaji waliofuta maandishi ya chipu ya mapigo machache, wakachapa ya mapigo mengi na kuiuza kwa bei ya juu. Mnunuzi alipata bidhaa iliyochapuliwa bila kujua, na ilipoanza kutoa makosa alimlaumu fundi. Hapo tofauti kati ya pigo lililodhaminiwa na pigo lililochapuliwa haikuwa ya wanaisimu tu. Ilikuwa fedha ya mtu.

Wengine hupendekeza “kuongeza kasi”. Msemo huu ni safi kwa sarufi na rahisi kwa msomaji, na kwa sababu hiyo ni wa hatari zaidi kuliko ule wa saa, kwa kuwa hauchekeshi. Unachanganya tendo na tokeo linalotarajiwa. Mapigo yanaweza kuongezwa na kasi isiongezeke, na hakuna mahali hilo linapoonekana kwa uwazi kama katika kumbukumbu.

Vibao vya kumbukumbu huuzwa kwa namba kubwa zilizoandikwa kwenye pakiti. Kibao cha DDR4-3200, kwa mfano, wengi hukiita cha megahezi 3200. Ukweli ni kwamba hupiga megahezi 1600. Kila pigo hubeba mizigo miwili, mmoja likipanda na mmoja likishuka, na 3200 ni hesabu ya mizigo katika mamilioni kwa sekunde. Anayetumia neno pigo analiona jambo hili mara moja. Ipo namba nyingine, ndogo, ambayo wanunuzi huipita bila kuitazama: kumbukumbu ikishaagizwa kusoma safu iliyokwisha kufunguliwa, hungoja mapigo kadhaa kabla ya kutoa jibu la kwanza. Kwa kibao bora cha DDR-400 cha miaka ya mwanzo ya 2000, kilichopiga megahezi 200, mngojo huo uliweza kuwa wa mapigo 2, yaani nanosekunde 10. Kwa DDR4-3200 yenye mngojo wa mapigo 16, ni nanosekunde 10. Kwa DDR4-3600 yenye mngojo wa 18, ni nanosekunde 10. Kwa DDR5-6000 yenye mngojo wa 30, ni nanosekunde 10 zile zile. Mapigo yameongezeka mara 15, na jibu la kwanza halijaja mapema hata kidogo. Kilichoongezeka ni wingi wa mzigo unaofuata baada ya jibu hilo: kutoka gigabaiti 3.2 kwa sekunde hadi 48 katika njia moja. Programu inayosoma data nyingi mfululizo itafaidi. Inayorukaruka huku na huko, ikingoja jibu moja kabla ya kuuliza lingine, haitaona tofauti kubwa. Aliyefundishwa kwamba tendo hili ni “kuongeza kasi” atanunua kibao cha namba kubwa na mngojo mrefu, kisha ashangae. Istilahi itakuwa imemdanganya kabla muuzaji hajafungua kinywa.

Kiswahili kina kitenzi ambacho kimekuwa kikifanya kazi hii muda mrefu kabla ya transista. Kuchapua ngoma ni kuipiga kwa haraka zaidi kuliko ilivyokuwa ikipigwa. Kuchapua miguu ni kwenda mbio zaidi ya mwendo wa awali. Chapuo ni ngoma ndogo, na chapuchapu inajulikana hata na asiyejua kwamba anatumia neno la jamaa hiyo. Ubora wa kitenzi hiki ni kwamba hakimaanishi haraka tu. Kinachukulia kwamba palikuwa na mdundo uliokubaliwa, kisha mpigaji akauacha kwa makusudi. Na kinawakumbusha wachezaji, ambao sharti waufuate au waharibu. “Kuchapua mapigo ya prosesa” na “kuchapua mapigo ya kumbukumbu” ni maneno ambayo mzee asiyewahi kugusa kompyuta ataelewa nusu yake bila mkalimani, na nusu hiyo itakuwa ya kweli.

Tena kitenzi kinazaa. Uchapuaji ni tendo, mchapuaji ni mtendaji. Kauli ya kutendeka inatoa istilahi ambayo Kiingereza huihitaji kwa kirefu: prosesa inayochapuka ni ile ambayo kizidisho chake kiko wazi, na isiyochapuka ni iliyofungwa. Kinyume chake, yaani kupunguza mapigo ili mashine isipate joto au isile umeme mwingi, ni kutuliza mapigo. Zubeida Tumbo-Masabo na H.J.M. Mwansoko walitoa kitabu kizima, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, chini ya TUKI mwaka 1992, na yeyote anayeunda istilahi baada ya hapo hana udhuru wa kuokota neno moja moja bila kujali ukoo wake.

Inakubalika kwamba chapua lina upungufu mmoja. Halitamki kwamba kuna kikomo kilichovukwa, na kikomo hicho ndicho roho ya jambo. Mtengenezaji hupima chipu zilizotoka katika bamba moja la silikoni, na kuzipanga kwa mapigo anayoweza kuyadhamini kwa miaka kadhaa, katika joto la wastani na kwa volteji iliyowekwa. Mchapuaji hutumia nafasi ya tahadhari iliyoachwa kati ya dhamana hiyo na uwezo halisi. Mara nyingi hulazimika kupandisha volteji pia, ili transista zigeuke upesi zaidi, na hapo gharama inapaa: nguvu inayotumika katika kupiga hufuata idadi ya mapigo ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa takriban asilimia 45, na karibu yote hugeuka joto ambalo feni na kipozajoto lazima viliondoe. Mwaka 2011 prosesa ya AMD FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429 kwa kupoozwa na heli kimiminika, na Desemba 2022 Core i9-13900K ya Intel ikapita gigahezi 9 kwa njia hiyo hiyo. Mashine za namna hiyo haziandikiwi tasnifu.

Je, kikomo kiingizwe ndani ya neno? Wapo watakaopenda “kupitiliza mapigo”. Lakini mtu hupitiliza kituo au nyumba aliyokuwa akiiendea. Mapigo hayawi mahali, na kitenzi hiki hakichukui shamirisho ya namna hiyo bila kulazimishwa. Zaidi ya hayo, kikomo chenyewe kimekuwa cha kuyumba. Prosesa za siku hizi hujichapua zenyewe kwa muda mfupi kila zinapoona zina nafasi ya joto na umeme, nazo hufanya hivyo ndani ya dhamana. Kwa upande mwingine, kibao cha kumbukumbu kilichouzwa kwa namba kubwa mara nyingi huanza kwa mapigo ya chini ya kiwango cha kawaida, hadi mwenyewe awashe wasifu uliohifadhiwa ndani yake, utaratibu ambao Intel iliuanzisha mwaka 2007. Na kuuwasha huhesabiwa kuwa ni kuchapua, ingawa alinunua namba ile ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 ziliyumba kwa sababu ziliomba volteji iliyopita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Miongoni mwa wenye nazo walikuwamo ambao hawakuchapua chochote. Kikomo, kwa hiyo, kitajwe pale kinapohitajika, “kuchapua nje ya dhamana” au “kuchapua ndani ya dhamana”, wala kisifungiwe ndani ya kitenzi.

Litaulizwa kama haya yote ni mchezo wa vijana wenye fedha, usiostahili kurasa za jarida la Kiswahili. Jibu linategemea nani anahifadhi nini. Mtafiti aliyerekodi simulizi za wazee kwa miaka mitatu na kuziweka katika kompyuta aliyoinunua kwa mtu, ambayo kumbukumbu zake zimechapuliwa kupita uwezo wao, hatapata onyo. Biti moja itageuka wakati faili linanakiliwa, nakala itaandikwa ikiwa na kosa, na kosa litaonekana siku sauti itakapokatika katikati ya utenzi ambao msimulizi wake amekwisha kufariki. Kumbukumbu zenye uwezo wa kujisahihisha zipo, lakini kompyuta nyingi za mezani hazina. Mtafiti huyo anahitaji kujua aulize nini kabla ya kununua, na aulize kwa lugha anayoimudu. “Mapigo ya kumbukumbu yamechapuliwa?” ni swali linalojibika. “Saa imezidishwa?” si swali.

Kuhusu kukopa tu na kusema ovakloki, hapana dhambi. Fundi na mteja wake wanaweza kuelewana kwa neno hilo dukani, kama wanavyoelewana kwa mengine mengi. Lakini halimpi mwalimu wa fizikia cha kushika, wala halina ndugu ndani ya lugha wa kulisaidia likikwama.

Katika kamusi, mahali pa istilahi hii ni chini ya kidahizo chapua, ikiwa maana ya tatu baada ya ngoma na miguu, pamoja na alama ya uwanja wa kompyuta. Kidahizo saa kiachwe kama kilivyo.